Mkeka wa Darasa la Tano

Tarehe 4 Machi

Kwako Mama Kidoti,

Nimekupigia simu mara sita na mara sita umekata. Sikulaumu. Naandika kwa sababu barua mtu anaweza kuiacha mezani akaisoma siku moyo wake ukikubali, au asiisome kabisa.

Ni mimi, yule mwalimu wa darasa la tano, ingawa tangu juma lililopita darasa hilo si langu tena. Nimehamishwa. Barua ya uhamisho haikutaja sababu, imesema tu "kwa mahitaji ya kazi," na nikapewa siku tatu za kufunga mizigo. Sasa niko shule ya mbali, mwendo wa siku nzima kwa basi, nafundisha la pili. Nilitaka kuja kukuaga. Nilifika hadi kwa fundi saa pale kwenye kona, nikaona duka lako limefungwa na cherehani imefunikwa, nikajua mko hospitali, nikageuka. Ningeweza kuja hospitali. Sikuja.

Naumia sana kwa yaliyompata Kidoti. Mkeka wetu unaujua, maana wewe ndiye uliyetushonea ukingo ulipoanza kufumuka. Mwaka mzima watoto waliogombana walikaa pale, mmoja huku mwingine kule, na kila mmoja akasema mambo manne: nilichokiona, nilichohisi, ninachohitaji, ninachoomba. Mwenzake anasikiliza bila kumkata. Nilijifunza hayo kwenye semina ya siku tano, na nimeona kwa macho yangu watoto waliokuwa wakirushiana mawe wakiinuka pale wameshikana mikono. Kidoti na Chiriku nao walikaa mkekani, siku mbili kabla ya ajali. Walipatana mbele ya wageni kutoka ofisi ya elimu.

Ndiyo maana nathubutu. Ninachohisi ni majonzi. Ninachohitaji ni kuona familia hizi mbili hazibaki na chuki. Ninachoomba ni kwamba wewe na Mama Chiriku mkae pamoja, hata nusu saa, awepo na mtu wa katikati. Mimi niko tayari kupanda basi.

Mpe pole mwanangu Kidoti. Mwambie nimeondoka na daftari lake la insha bila kujua. Nitalirudisha.

Wako katika masikitiko,
Mwalimu


Tarehe 17 Machi

Mwalimu,

Barua yako nimeisoma nimesimama, maana ningekaa ningeichana.

Nakujibu kwa barua kwa sababu moja tu. Tunaishi chumba kimoja nyuma ya duka: kitanda, jiko, vitambaa, vyote humo humo, na mtoto sasa masikio yamekuwa makali kama ya paka. Nikiongea na simu kila neno analidaka. Kalamu haina sauti. Usidhani ni heshima.

Umeniandikia kwamba umeona "kwa macho yangu". Mwalimu, ukimwandikia mama wa Kidoti uwe unachagua maneno.

Jicho walijaribu kulishona. Daktari alinieleza taratibu, kama mtu aliyebeba mayai. Mimi fundi wa nguo nikamuuliza, mmeshona kwa uzi gani? Akasema uzi mwembamba kuliko unywele. Nikamwambia uzi wa hivyo hauwezi kushika kitu. Hakukasirika. Siku ya kumi na mbili wakalitoa, wakasema likibaki litaharibu na la pili. La kulia. Nilitia saini mwenyewe. Mkono huu haujawahi kuharibu kitambaa cha mtu, siku hiyo ukaandika jina langu likatoka limepinda kama la mtoto wa chekechea.

Na unajua nani alikuwa anapiga deki wodi ile? Mama Chiriku. Ndiyo kazi yake, wodi zote za ghorofa ya pili. Siku ya tatu akaingia na ndoo, akasimama miguuni pa kitanda, akafungua mdomo: "Mama Kidoti, mimi..." Sikumwacha amalize. Nilimtolea maneno ambayo wagonjwa wa vitanda vingine waliinuka kutazama ni nani anayeongea hivyo. Nikaipiga ndoo teke, maji yakaenda mpaka mlangoni. Akapiga magoti, akayakausha yote, kimya, akaondoka. Kesho yake wakaleta msafishaji mwingine.

Sasa wewe unataka tukae mkekani.

Mwanangu hakumfanyia yule mtoto kitu. Alikuwa kwenye dawati lake anachora duara. Mwenzake akaja akamchoma bikari ya jicho, mchana kweupe. Hicho ndicho nilichokiona. Nilichohisi unakijua. Ninachokihitaji hakuna semina inayokigawa. Na ninachoomba ni usiniandikie tena kwa sentensi zako nne.

Daftari lilete.

Mama Kidoti


Tarehe 2 Aprili

Mama Kidoti,

Daftari hili hapa. Umesema kweli kuhusu maneno. Barua ile niliiandika mara nne, na kila mara nilijisikia kama niko mbele ya ubao. Hii naiandika mara moja na sitairudia kabla ya kufunga bahasha.

Huku sina mkeka. Mwalimu mkuu wa hapa alikuwa amesikia habari zangu kabla sijafika, na aliniambia kwa adabu zote kwamba watoto wake wakigombana yeye anazo njia zake. Juzi wawili waligombea kifutio wakakaribia kung'atana, nikasimama nimeweka mikono nyuma kama mpita njia.

Kuna jambo lazima niliseme hata kama utaichana barua. Hakumchoma. Niliwauliza watoto wote waliokuwa darasani, mmoja mmoja, na wote wamesema kitu kimoja. Chiriku alikuwa dawati la nyuma. Aliirusha bikari kwa hasira kuelekea mbele, na Kidoti akageuka aliposikia kelele. Sisemi hivi kupunguza kitu, jicho limekwenda vilevile. Nasema kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Mimi sikuwemo. Nilikuwa nimefuata chaki ofisini.

Chiriku alifukuzwa shule, nadhani unajua. Nilimtembelea kabla ya kuhama. Mtoto tuliyempa jina hilo kwa sababu hata akitafuna anaongea, nilimkuta amekaa nyuma ya mlango, magoti kifuani. Mama yake anasema tangu siku ile anajibu kwa kichwa tu. Nilikaa naye sakafuni saa nzima. Mwishowe alisema maneno mawili: "Alisema neno." Nikamuuliza, neno gani, mwanangu? Akarudi kwenye kimya chake.

Wewe unalijua neno hilo? Kidoti amekuambia chochote? Siulizi ili nimtafutie mwanao kosa.

Mwalimu


Tarehe 11 Aprili

Mwalimu,

Silijui neno lolote.

Watoto wanasemeshana mengi. Mimi mwenyewe niliitwa Mguu wa Meza mpaka naolewa na sikumtoa mtu jicho. Huyo Chiriku wako ndiye aliyekuwa anamwita mwanangu "Kiraka", kwa kuwa nguo zake namshonea kwa mabaki ya vitambaa vya wateja. Mwezi wa kwanza wote alikuwa anarudi analia. Neno hilo mbona huliulizi?

Daftari limefika. Nina sare za shule nzima za kumaliza kabla muhula haujafunguliwa. Usiniulize tena habari hiyo.

Mama Kidoti


Tarehe 19 Mei

Mwalimu,

Hukujibu. Mimi ndiye niliyekukataza kuuliza, kwa hiyo nadhani umetii. Walimu wengine hawatii hivyo.

Kidoti amerudi shule. Anakaa mbele, upande wa ukutani, ili anaopishana nao asiwagonge. Nyumbani chai anaimimina nje ya kikombe, kisha anafuta haraka haraka akidhani sijaona. Hospitali walimwekea kitambaa cheupe cha kufunika jicho, nikakitoa, nikamshonea kingine cha rangi ya sare. Anasema watoto wanamtendea vizuri mno. Hilo "mno" ni lake.

Jumamosi aliniomba anitungie uzi kwenye sindano. Kazi hiyo ameifanya tangu ana miaka mitano, tangu macho yangu yalipoanza kuchoka. Alijaribu, uzi ukapita pembeni. Akalowesha ncha kwa mate, akajaribu tena, ukapita pembeni. Nikanyoosha mkono niichukue, akasema, "Niache, mama." Nikajifanya natafuta vifungo chini ya meza. Nilikaa huko chini muda mrefu, Mwalimu, vifungo nimevishika mkononi. Mwishowe akanipa sindano na uzi, kila kimoja peke yake, akasema, "Inaonekana iko hapa, halafu haiko."

Ndipo nikamuuliza kitu ambacho sikuwa nimemuuliza hata siku moja. Nikamwambia, "Siku ile ya wageni, wewe na Chiriku mlipatana kweli?" Akasema, "Mimi nilikuwa sitaki kukaa mkekani siku hiyo. Nilikwenda kumwambia mwalimu. Nilifika mpaka mlangoni." Nikamuuliza, "Akasemaje?" Akasema, "Akasema baadaye."

Mwalimu, mwanangu alikuja mlangoni kwako kusema nini? Na hiyo baadaye iliishia wapi?

Mama Kidoti


Tarehe 28 Mei

Mama Kidoti,

Swali hilo nimelingoja tangu mwezi wa pili. Kila nilipoona bahasha yenye mwandiko wako nilidhani limefika. Sasa limefika.

Ilikuwa wakati wa mapumziko. Nilikuwa juu ya kiti nabandika karatasi ukutani, zile zenye sentensi nne kwa herufi kubwa, na gundi ya karatasi nimeibana kwa meno. Gari la wageni lilikuwa limeshafika getini. Kidoti akasimama mlangoni kwa mguu mmoja, ule mwingine anausugua kwenye soksi. Akasema, "Mwalimu, leo sitaki kukaa mkekani. Kuna kitu nataka nikuambie kwanza. Wewe tu." Nikamjibu bila kushuka kwenye kiti, "Baadaye, mwanangu, wageni wamefika." Akauliza, "Baadaye saa ngapi?" Nikacheka. Nikamwambia baadaye ni baadaye, akafute viatu.

Alifuta viatu.

Mkekani alisema yote vizuri. Yalikuwa vizuri kwa sababu tulikuwa tumeyafanyia mazoezi mara tatu, na mimi nilikuwa nimemsahihisha sentensi. Hilo sikukuambia. Aliyewachagua wao wawili kwa ajili ya wageni ni mimi, kwa kuwa ugomvi wao ulikuwa mdogo, ugomvi wa kuitana Kiraka. Ugomvi mzuri wa kuonyesha. Zamu ya Chiriku ilipofika alisema "nilichohisi..." akashindwa kuendelea, akalia. Mgeni mmoja akavua miwani akaifuta. Nikawaambia wapeane mikono, tukapiga makofi. Nilidhani yale ni machozi ya kupatana.

Wageni walikaa mpaka watoto wakaenda nyumbani. Kesho yake Kidoti alinitazama mara mbili wakati wa hesabu, nikakumbuka kwamba kuna kitu alitaka, nikajisemea nitamwita saa nne. Saa nne ilipofika nikasahau. Nimejaribu kutafuta neno bora kuliko hilo na halipo. Nilisahau. Siku iliyofuata ndiyo ilikuwa siku ya bikari.

Kwa hiyo alichokuja kusema sikijui mpaka leo. Mwaka mzima niliwafundisha watoto wa watu kusikiliza, na siku moja tu mtoto alipotaka kusikilizwa nje ya zamu yake, nilikuwa na gundi mdomoni.

Kwenye ripoti yangu kwa ofisi ya elimu niliwataja wao wawili kuwa mfano wa kuigwa. Ripoti ilikuwa imeshatumwa. Barua hii unaweza kuipeleka popote unapotaka. Nimeitia saini.

Mwalimu


Tarehe 6 Julai

Mwalimu,

Nilikaa na barua yako siku tatu, halafu nikaamua kuipeleka ofisi ya elimu. Nakuambia ukweli, nilifurahi. Nilikuwa nimepata mtu. Nilipiga pasi gauni langu la heshima, nikampigia pasi na mtoto la kwake, nikamwambia, "Tunakwenda kwa wakubwa. Utawaambia ulikwenda mlangoni kwa mwalimu, akakufukuza."

Akasema, "Hakunifukuza."

Nikasema, "Utawaambia alichosema."

Akaanza kutetemeka, Mwalimu. Mtoto ambaye hakutetemeka wakimvua bandeji. Akasema, "Wataniuliza nilitaka kumwambia nini."

"Basi utawaambia."

"Siwezi."

"Huwezi kwa nini?"

Akanitazama kwa lile jicho moja. "Neno ni lako, mama."

Nitakueleza taratibu, maana nikikimbia sitafika.

Mwezi wa kumi na moja mwaka jana Mama Chiriku alikuja kupimwa gauni la kazi. Mtu ukimpima anasimama amenyoosha mikono kama anayesalimu amri, na sijui ni kwa nini, wengi hapo ndipo wanapofunguka. Nikiwa nimemzungushia utepe kifuani, akaanza kulia. Akaniambia mume wake, yule dereva wa lori, hayuko safarini kama watu wanavyodhani. Alimgonga mtu barabarani, mtu akafa, amefungwa miaka minne. Watoto hawajui. Amewaambia baba yuko nchi ya mbali anaendesha malori makubwa, atarudi. Nikamwambia, "Humu ndani linabaki humu." Ndivyo ninavyowaambia wateja wangu wote.

Mwezi wa kwanza Kidoti akawa anarudi na habari za Kiraka. Jumatatu Kiraka, Jumatano Kiraka. Siku moja nilikuwa nimekosea kola ya mteja, nimefumua mara mbili, kichwa kinaniuma, akaingia analia. Nikamwambia bila kuinua mguu kwenye cherehani: "Kamwambie, bora mimi Kiraka kuliko wewe ambaye baba yako yuko jela."

Akanyamaza kulia. Akaniuliza, "Yuko jela kweli?" Nikasema ndiyo, lakini usiseme ni mimi niliyekuambia.

Hakusema. Hicho ndicho kitu ninachokuandikia, Mwalimu: jina langu hakulitaja. Hakusema. Alimnong'oneza Chiriku bombani, mara moja tu, na papo hapo akaona sura ya mwenzake. Anasema, "Alikuwa hajui, mama. Mimi ndiye niliyemfanya ajue." Ndilo alilokuja nalo mlangoni kwako. Na bombani palikuwa na watoto wengine wamepanga ndoo. Kidoti anaapa hakumwambia mtu mwingine, na namwamini. Lakini siku ile ya bikari, wewe umefuata chaki, mtoto mmoja akaanza kuimba habari za baba wa Chiriku. Chiriku akadhani ni Kidoti aliyeitangaza, baada ya kumpa mkono mbele ya wageni. Akarusha kilichokuwa mkononi.

Kidoti alilala kitanda kile cha hospitali siku kumi na saba na siri yangu. Muuguzi alimuuliza, mwalimu mkuu alimuuliza, akawa anasema hajui kitu. Alikuwa ananilinda. Walipomchukua kwenda kulitoa jicho alinishika kidole akasema, "Usiogope, mama." Nikadhani anazungumzia jicho.

Na mimi? Uliponiuliza mwezi wa nne neno gani lilisemwa, moyo wangu ulijua. Nilikuwa najua nilichompa mtoto. Sikuwa na uhakika kama alikitumia, na sikutaka kuwa nao. Nikakuandikia habari za Mguu wa Meza.

Nimemwomba msamaha. Alisema "sawa, mama" haraka haraka, kama mtu anayekupisha njiani. Gauni la heshima nimelirudisha kwenye hanga.

Ile barua yako nimeichoma. Usiniulize kwa nini.

Mama Kidoti


Tarehe 22 Julai

Mama Kidoti,

Nimeisoma barua yako wakati watoto wamelala, wale wa la pili, saa sita mchana huwa tunawaacha walaze vichwa kwenye madawati. Mmoja akaamka akaniuliza kwa nini nalia, nikamwambia nasikiliza. Sijui kwa nini nilimjibu hivyo.

Sina la kukufundisha. Sitakuambia usijilaumu, kwa sababu nilipoambiwa hivyo mimi nilimchukia aliyeniambia.

Nitakuambia tu nilichofanya. Mwezi wa sita niliandika ofisi ya elimu. Niliwaambia ripoti yangu haikuwa kweli, kwamba watoto wale walikuwa wamekaririshwa, kwamba mmoja aliomba kusikilizwa nikampuuza, na kwamba Chiriku asingefukuzwa kama mimi ningeshuka kwenye kiti. Niliomba arudishwe shule. Habari ya neno sikuwa ninaijua, na hata ningeijua, si yangu kuitoa. Walinijibu mistari miwili. Faili limefungwa, wananitakia kazi njema.

Jambo jingine unapaswa kulijua. Nazungumza na Mama Chiriku kwa simu mara moja moja. Ameacha kazi ya hospitali. Mwezi wa tisa, katikati, anahama na watoto kwenda mji ule alikofungwa mume wake, ili wawe wanamwona. Anasema kwa kuwa watoto sasa wanajua, hakuna sababu ya kukaa mbali. Chiriku bado anajibu kwa kichwa. Kitu pekee alichouliza kwa mdomo ni lini atapelekwa kumwona baba yake.

Mama Chiriku hajui kwamba neno lilitoka kwako. Anadhani aliyelitoa ni shemeji yake, na hawasemeshani naye tangu mwezi wa pili.

Sikuambii ufanye nini.

Mwalimu


Tarehe 16 Septemba

Mwalimu wangu,

Nilikwenda jana. Ningekwenda mapema, lakini kila siku nilikuwa napata kola ya kushona. Mwishowe Kidoti akaniambia, "Wanahama leo, mama," na akavaa viatu akakaa mlangoni akanisubiri.

Gari lilikuwa nje, lile la kubebea mizigo, limejaa nusu. Chiriku alikuwa amekaa juu ya furushi la nguo kando ya ukuta. Amerefuka. Mama yake yuko ndani anafunga godoro kwa kamba. Aliponiona aliinuka haraka, akaweka mkono kifuani, nikajua anangoja nimtukane.

Njiani nilikuwa nimepanga maneno, ya kwako na ya kwangu. Nilipofika hayakuwepo. Nikasema, "Aliyesema ni mimi. Uliniambia umenyoosha mikono, nikasema linabaki humu, na nikampa mtoto aende nalo shule. Shemeji yako hakusema kitu. Mwanangu hakulijua neno hilo mpaka nilipomtilia mdomoni."

Alirudi kwenye godoro. Akavuta kamba, akafunga fundo, akafungua, akafunga tena. Kisha akauliza bila kunitazama, "Siku ile hospitali, ulikuwa unajua?"

Nikasema, "Nilikuwa najua nilichomwambia mtoto."

"Na ukanitukana."

"Nikakutukana."

"Nilikuwa nimekuja kukuomba msamaha, Mama Kidoti. Nilibadilishana zamu na mwenzangu ili niingie wodi ile. Wenzangu waliniambia nisiingie."

Akasema, na hakupandisha sauti hata kidogo, ningeshukuru angeipandisha: "Mimi sina cha kukupa. Nilichokuwa nacho nilikuja nacho siku ile."

Nikasimama. Nikageuka niondoke, nikarudi. Godoro lilikuwa kubwa na yeye yuko peke yake, basi nikashika upande wa pili. Alinitazama mikono. Hakunikataza. Tukalibeba mpaka kwenye gari, tukalipandisha, tukarudi tukabeba meza, tukabeba kabati la vyombo, na hakuna aliyemsemesha mwenzake isipokuwa "inua" na "taratibu hapo". Mizigo ilipoisha akaingia kufagia chumba. Sikumfuata.

Kidoti muda wote alikuwa amesimama hatua chache kutoka kwenye lile furushi. Nilimsikia akisema, "Aliniambia mama. Lakini mdomo ulikuwa wangu. Na wengine sikuwaambia, wallahi." Chiriku kimya. Kidoti akasema, "Najua hukunilenga." Kimya. Mimi nimeshikilia mlango wa gari, Mwalimu, najifanya naangalia bawaba.

Dereva akapiga honi. Chiriku akashuka kwenye furushi, akaja akasimama kando ya mwanangu, bega kwa bega karibu waguse. Lakini alikuja upande wa kulia. Kidoti akasema, "Huko sikuoni."

Yule mtoto akazunguka. Akapita mbele yake, akaja upande wa kushoto, akasimama hapo.

Walisimama hivyo. Hakuna aliyempa mwenzake mkono na hakuna aliyesema kitu, na mimi na dereva tulingoja. Kisha Mama Chiriku akatoka na ufagio, akafunga mlango, akamwita mwanawe, naye akapanda. Mama yake alinipita kama anavyompita mtu asiyemjua, akaniambia "asante kwa kubeba", akapanda naye.

Gari likaondoka. Kidoti aligeuza kichwa chote kulifuata, kama anavyogeuza siku hizi, mpaka likakata kona. Akaniuliza, "Mama, umeona? Alizunguka."

Nikamwambia nimeona.

Tulirudi kwa miguu. Nilikuwa upande wake wa kulia, nimemshika mkono, maana upande huo ndio wenye magari.

Mama Kidoti